Vidonge vya Kuni: Jinsi Unga wa Mbao Unavyofanywa Kuni Tena

Chukua kipande cha mbao ya msindano, mti ambao mafundi wengi huuita paini, ukitie katika bilauri ya maji. Kitaelea. Sasa chukua kidonge cha kuni kilichotengenezwa kwa unga wa mbao hiyo hiyo, ukitie katika maji yale yale. Kitazama mara moja hadi chini. Ukingoja dakika chache utaona jambo la pili: kidonge kilichokuwa kigumu na chenye kung'aa kinavimba, kinapasuka, na mwishowe kinarudi kuwa unga.

Katika mambo hayo mawili, yaani kuzama na kuvimba, imo karibu elimu yote ya utengenezaji wa vidonge vya kuni. Kidonge kinazama kwa kuwa hewa iliyokuwa ndani ya mbao imetolewa. Kinavimba kwa kuwa hakuna gundi iliyotiwa, na maji yanaweza kuuvunja mshikamano wake. Katika makala haya tutaeleza vidonge hivyo ni nini, hutengenezwa vipi, kwa nini baadhi ya waliotangulia kuvitengeneza walishindwa, na vina maana gani kwetu Afrika ya Mashariki, ambako mapipa ya unga wa mbao huchomwa ovyo huku miti ikikatwa kwa ajili ya mkaa. Neno moja msomaji alishike tangu mwanzo: kiwanda cha vidonge hakiongezi nishati yoyote ndani ya mti. Kazi yake ni kuondoa: huondoa maji, huondoa hewa, na huondoa uchafu. Swali kubwa ni kama kazi hiyo ya kuondoa inalipa gharama yake.

Chanzo cha vidonge

Kidonge cha kuni, ambacho pia huitwa peleti, ni kijiti cha mviringo chenye unene unaokaribia ule wa penseli. Kipenyo chake huwa milimita 6 au 8, na urefu wake kwa kawaida hauzidi sentimita 4. Mashine inayokitengeneza haikubuniwa kwa ajili ya kuni. Ilitoka katika viwanda vya chakula cha mifugo, ambako unga wa nafaka na mashudu ulikuwa ukikandamizwa kuwa punje ngumu, ili kuku au ng'ombe wasichague baadhi na kuacha baadhi.

Mwishoni mwa mwaka 1973 bei ya mafuta ya petroli ilipanda ghafla, na baada ya miezi michache ilikuwa karibu mara nne ya bei ya awali. Nchi za baridi, ambazo hupasha nyumba joto miezi mingi ya mwaka, zilianza kutafuta nishati nyingine. Marekani na Sweden zilikuwa na viwanda vingi vya kupasua mbao, na kando ya kila kiwanda palikuwa na kilima cha unga na maranda. Mtu aliyetaka kuitumia taka hiyo alikabiliwa na matatizo matatu: ilikuwa na maji mengi, ilikuwa nyepesi mno kuchukulika kwa faida, na haikuweza kuungua kwa usawa katika tanuri. Mashine ya chakula cha mifugo ilionekana kuwa ufumbuzi wa matatizo hayo.

Mti umejengwa namna gani

Ili kuelewa kinachotokea ndani ya mashine, yafaa kwanza tuutazame mti wenyewe. Mti ni mkusanyiko wa seli ndefu nyembamba, mithili ya mirija iliyofungwa pamoja. Kuta za mirija hiyo ni nzito kuliko maji: sentimita moja ya ujazo ya ukuta mtupu ina uzito wa gramu 1.5 hivi. Mbao huelea kwa sababu mirija ina nafasi tupu iliyojaa hewa. Densiti ya mbao kavu ya msindano ni kama gramu 0.5 kwa sentimita ya ujazo, yaani nusu ya ile ya maji.

Kuta hizo zimejengwa kwa vitu vitatu vikuu. Cha kwanza ni selulosi, ambayo ni nyuzi imara. Cha pili ni hemiselulosi, inayozizunguka nyuzi hizo. Cha tatu ni lignini, inayojaza nafasi zilizobaki na kuvishikanisha vyote. Mwanafunzi aliyepata kuona nyumba ya ghorofa ikijengwa atafahamu upesi: selulosi ni kama nondo, na lignini ni kama zege. Katika misindano na miti ya jamii yake, lignini hufikia robo ya uzito wa mti mkavu au zaidi.

Lakini lignini ina tabia moja ambayo zege haina. Ikipashwa joto hadi karibu nyuzi 100 za Selsiasi, hasa ikiwa na unyevu kidogo, hulainika. Ikipoa, hukakamaa tena. Tabia hiyo ndiyo siri ya kidonge. Gundi haihitajiki kwa kuwa mti unayo gundi yake tangu ulipoota.

Hesabu ya maji

Kazi ya kwanza, nayo ndiyo inayokula nishati nyingi kuliko zote, ni kukausha. Tuifanye hesabu pamoja, maana bila hiyo hatuwezi kuamua kama kiwanda kina faida au hasara.

Tuseme twataka tani moja ya vidonge, yaani kilo 1,000, vyenye maji ya asilimia 10. Ndani yake mtakuwa na kilo 900 za mti mkavu na kilo 100 za maji. Unga utokao katika magogo mabichi huweza kuwa na maji nusu kwa nusu. Basi ili kupata kilo 900 za mti mkavu twahitaji kilo 1,800 za unga mbichi, na maji ya kufukuzwa ni kilo 800.

Kuipasha kilo moja ya maji kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 100, na kisha kuigeuza yote kuwa mvuke, kwahitaji megajuli 2.6 hivi. Zidisha kwa kilo 800: jibu ni megajuli 2,080. Tani moja ya vidonge ikichomwa hutoa joto la megajuli 17,000 hivi. Kwa hiyo kukausha peke yake kwatumia kiasi cha sehemu moja kwa nane ya joto litakalopatikana, na katika mashine halisi kiasi hicho huzidi, kwani joto jingine hupotea pamoja na hewa. Kusaga na kukandamiza huongeza asilimia chache, tena kwa umeme, ambao ni ghali kuliko joto.

Huenda msomaji akauliza: kwa nini basi tusiuchome unga ukiwa mbichi, tukaepuka gharama hiyo? Jibu ni kwamba gharama hiyo haiepukiki. Hubadilika mlipaji tu. Kilo moja ya kuni zenye maji nusu kwa nusu hutoa megajuli 8 hivi. Sehemu ya moto wake hutumika kuyachemsha maji yaliyomo katika kuni zenyewe kabla chungu hakijapata kitu. Tena moto wa kuni mbichi ni baridi, na gesi zitokazo katika kuni haziungui zote. Gesi hizo na chembe za masizi ndizo tunazoziita moshi. Deni la maji ambalo kiwanda hulilipa kwenye kikaushio, mama apikaye kwa kuni mbichi hulilipa jikoni, tena kwa macho na mapafu yake.

Safari ya unga kiwandani

Unga na maranda hupokelewa na kupitishwa kwanza katika chekeche kubwa na chini ya sumaku, ili mawe, misumari na vipande vya chuma viondolewe. Kipande kimoja cha chuma chaweza kuvunja mashine au kutoa cheche mahali penye vumbi.

Kisha huingia katika kikaushio. Aina iliyozoeleka ni pipa refu la chuma linalozunguka polepole, huku hewa ya moto ikipulizwa ndani yake. Kiwanda chenye busara hupata joto hilo kwa kuchoma magome ya magogo, ambayo hayafai kwa vidonge. Unga hutoka ukiwa na maji kiasi cha asilimia 10. Kipimo hicho ni cha kuangaliwa sana. Maji yakizidi, hugeuka mvuke ndani ya mashine na kuvipasua vidonge. Yakipungua mno, lignini hailainiki vizuri na unga hukwama.

Baada ya kukauka, unga husagwa katika kinu cha nyundo, ambacho kwa kanuni yake ni sawa na kile kinachosaga mahindi vijijini kwetu: nyundo za chuma huzunguka kwa kasi na kuzivunja chembe hadi ziweze kupita katika matundu ya chekeche. Chembe lazima ziwe ndogo kuliko kipenyo cha kidonge, la sivyo kidonge kitavunjika pale penye chembe kubwa. Mara nyingi mvuke kidogo huongezwa hapo ili kuulainisha unga kabla ya kukandamizwa.

Sasa tumefika kwenye moyo wa kiwanda. Ni pete nene ya chuma kigumu iliyotobolewa matundu mengi. Ndani ya pete mna magurudumu mazito ya chuma. Pete inapozunguka, magurudumu huukanyaga unga na kuusukuma ndani ya matundu. Kila tundu ni refu kuliko upana wake, na unga hauwezi kupita bila kusugua kuta zake kwa nguvu nyingi. Msuguano huo huzaa joto, na joto huilainisha lignini. Mirija ya seli husagika na kubanwa, hewa hutoka, chembe hukaribiana mno, na lignini laini huzishika pamoja. Upande wa nje wa pete hutokea vijiti vyenye kung'aa, na kisu huvikata kwa urefu unaotakiwa.

Wakati huo vidonge bado ni vya moto na laini. Hupitishwa katika kipoozeo, ambamo hewa baridi hupulizwa kutoka chini kwenda juu, na lignini hukakamaa. Mwisho huchekechwa, vumbi lililobaki hurudishwa mwanzo wa kazi, na vidonge hutiwa katika mifuko au maghala. Densiti ya kidonge kimoja sasa imezidi gramu 1 kwa sentimita ya ujazo, na ndiyo sababu kikazama katika bilauri yetu. Mita moja ya ujazo ya vidonge huwa na uzito wa kilo 600 hadi 650, na hali ile ya unga mkavu mtupu haifiki kilo 200. Hivyo lori moja la vidonge hubeba nishati ya malori matatu au zaidi ya unga.

Somo la Mora

Kiwanda cha kwanza cha vidonge nchini Sweden kilianza kazi mwaka 1982 katika mji wa Mora. Kilifungwa mwaka 1986. Gharama zake zilizidi makadirio, na tena kilitumia magome kama malighafi. Magome yana madini mengi kuliko mti wa ndani, na hushika mchanga gogo linapoburutwa ardhini. Madini na mchanga haviungui. Hubaki kuwa majivu, na kwenye moto mkali majivu huyeyuka na kuganda kama mawe ndani ya tanuri. Mteja aliyenunua vidonge ili apumzike na kazi ya kuchochea moto alijikuta anafanya kazi ya kugonga mawe.

Tangu hapo wataalamu wamejifunza kwamba ubora wa kidonge huamuliwa kabla unga haujafika kwenye mashine. Katika kiwango cha kimataifa cha ISO 17225-2 kilichotolewa mwaka 2014, vidonge vya daraja la kwanza haviruhusiwi kuwa na majivu yanayozidi asilimia 0.7, wala maji yanayozidi asilimia 10. Sweden yenyewe haikukata tamaa. Mwaka 1991 iliweka kodi ya kaboni juu ya mafuta na makaa ya mawe, na hesabu ikageuka: vidonge ambavyo havikulipa mwaka 1986 vilianza kulipa. Katika miaka ya 1990 mtambo wa Hässelby jijini Stockholm, uliokuwa ukichoma makaa ya mawe, uligeuzwa uchome vidonge, ili kupeleka maji ya moto majumbani kwa mabomba yapitayo chini ya ardhi.

Hatari na mabishano

Kila nishati ina hatari zake. Vumbi la mbao likitanda hewani, cheche moja yaweza kulilipua. Hatari nyingine haionekani wala hainusiki. Mafuta asilia yaliyomo ndani ya mti huungana polepole na oksijeni, na katika ghala lililofungwa hutoa gesi ya kabonimonoksidi, ambayo huzuia damu kubeba oksijeni. Mwaka 2006, katika bandari ya Helsingborg, Sweden, mtu alifariki baada ya kuingia katika ngazi iliyopakana na shehena ya vidonge ndani ya meli. Kwa hiyo ghala la vidonge lazima lipitishe hewa, na mtu haingii peke yake bila kupima.

Pia kuna mabishano makubwa kuhusu misitu. Mtambo wa umeme wa Drax nchini Uingereza ulianza mwaka 2013 kuzigeuza tanuri zake kutoka makaa ya mawe kwenda vidonge, na huagiza mamilioni ya tani kutoka ng'ambo, hasa Marekani. Watetezi wake husema kwamba mti mpya ukiota hufyonza tena kabonidioksidi iliyotoka. Wapinzani hujibu kwamba kwenye bomba la moshi kuni hazitoi gesi hiyo kidogo kuliko makaa ya mawe kwa umeme ule ule, na kwamba mti huunguzwa kwa dakika chache lakini huota kwa miaka mingi. Hapa kanuni yetu ya mwanzo yatusaidia. Kama malighafi ni unga ambao ungeoza au kuchomwa bure, faida ni dhahiri. Kama ni gogo zima lililokatwa kwa ajili hiyo tu, hesabu ni nyingine kabisa.

Vidonge na jiko la Afrika ya Mashariki

Kwetu hatuhitaji kupasha nyumba joto kama watu wa Sweden. Haja yetu ni kupika. Mijini chakula kingi hupikwa kwa mkaa, na mkaa hutengenezwa zaidi katika matanuri ya udongo. Kwa njia hiyo, kilo moja ya mkaa huhitaji kilo tano hadi kumi za mti mkavu. Mkaa una megajuli 30 hivi kwa kilo. Lakini kilo tano za mti mkavu zilikuwa na zaidi ya megajuli 80. Maana yake ni kwamba zaidi ya nusu ya nishati ya mti hupotea msituni kabla gunia halijafungwa. Vidonge, kama tulivyoona, hupoteza sehemu moja kwa nane na zaidi kidogo. Hapo ndipo ulipo uzito wa jambo hili kwetu.

Malighafi tunayo. Wilayani Mufindi, mkoani Iringa, upo msitu wa kupandwa wa Sao Hill, mkubwa kuliko misitu yote ya aina hiyo inayomilikiwa na serikali ya Tanzania, wenye misindano na mikaratusi. Gogo linapopasuliwa, sehemu kubwa yake, na mara nyingi nusu nzima, haifiki kuwa mbao. Hubaki kuwa mabanzi, maranda na unga.

Hata hivyo tusiseme kwamba kazi ni rahisi. Mkaa huwaka katika jiko lolote, bila moshi mwingi na bila umeme. Vidonge vyahitaji jiko lake maalumu, mara nyingi lenye feni ndogo, ambamo kuni hugeuzwa kwanza kuwa gesi na gesi ikachomwa juu yake kwa mwali safi. Kampuni ya Inyenyeri, iliyofanya kazi Gisenyi nchini Rwanda, ilijaribu kulitatua jambo hilo kwa kuwapa wateja majiko na kuwauzia vidonge. Ilikoma kufanya kazi mwaka 2020. Mora na Gisenyi ziko mbali, lakini zafundisha jambo moja: fizikia ya kidonge yaweza kuwa sahihi kabisa, na kiwanda bado kikashindwa, ikiwa mashine, jiko, bei na malighafi havikwenda pamoja.

Majaribio ya kufanya darasani

Mwalimu aweza kuwaongoza wanafunzi katika majaribio mawili. La kwanza ni kupima maji. Pima gramu 100 za unga mbichi kutoka kwa mpasua mbao. Ukaushe katika joko kwa nyuzi 105 hadi uzito usipungue tena, kisha upime. Ikiwa zimebaki gramu 60, maji yalikuwa asilimia 40 ya uzito wa mwanzo. Angalizo: watu wa mbao hugawa uzito wa maji kwa uzito wa mti mkavu, na kwa hesabu yao jibu lingekuwa asilimia 67. Wote wawili wako sahihi, mradi kila mmoja aseme anatumia kipimo kipi.

La pili ni la kujua kazi ya joto. Tia unga mkavu katika kipande kifupi cha bomba la chuma, uukandamize kwa jiliwa kwa nguvu zote ukiwa baridi, kisha uusukume nje. Utaona unameguka mikononi. Nguvu ilikuwapo, lakini lignini haikulainika. Wanafunzi wajadili ni nini kilichokosekana, na ni kwa njia ipi mashine ya kiwandani hukipata bila kuwasha moto.

Baada ya hapo waende wakatazame kilima cha unga kilicho karibu na shule yao, kama kipo. Waulize kina maji kiasi gani, kina mchanga kiasi gani, nani angekausha, kwa joto gani, na vidonge vingechomwa katika jiko gani. Wakiweza kuyajibu maswali hayo matano kwa tarakimu, watakuwa wamekwisha kufanya nusu ya kazi ya mhandisi.